Fedha Iliyopimwa kwa Sakitu

Sisi tuliokulia Nyololo kabla barabara kuu haijatiwa lami tuliijua baridi kwa nyayo zetu. Viatu tulivisikia kwa watu. Alfajiri ya mwezi wa sita na wa saba, majani yote ya bondeni yalikuwa meupe kwa sakitu, ule umande unaoganda, na ukiyakanyaga uliyasikia yakivunjika kama maganda ya mayai. Watoto wachunga ng'ombe tulikuwa na ujanja wetu. Ng'ombe alipoinuka mahali alipolala, tulikimbilia kusimama pale pale ili nyayo zipate joto la ubavu wake. Msomaji aliyezaliwa nyanda za juu enzi hizo, najua sasa anatabasamu. Kijana wa leo atasema ule ni uchafu. Kijana wa leo huvaa koti la manyoya akiwa amekaa ndani, kisha huiuliza simu yake kama nje kuna baridi.

Ningependa kusimulia ya namna hiyo peke yake: viazi tulivyofukia kwenye majivu, togwa ya ulezi katika kibuyu, ulanzi, pombe ya mianzi ambayo watoto tulikatazwa na tukaonja. Lakini tangu mavuno ya mwaka huu nimo katika mshtuko ambao sikuutarajia kwa umri wangu, na umetoka huko huko utotoni, mahali ambapo nilidhani kila jambo limekwisha kuamuliwa. Unamhusu shangazi yangu Twilumba, kijana aliyemposa ambaye ukoo wetu ulimwita mwizi, na kipande cha madini ya fedha. Mimi sikuingia darasani hata siku moja. Anayeandika ni mjukuu wangu, nami nimemwonya asinipambie maneno.

Katika nyumba yetu mwenye neno la mwisho alikuwa bibi yangu mzaa baba. Babu alikuwa amekwisha kufariki, na baba yangu, ingawa alikuwa na ndevu na ng'ombe wake, alisubiri mama yake amalize kusema ndipo naye aseme. Bibi alikuwa na rupia za fedha za wakati wa Mjerumani, zenye mtu aliyevaa kofia ya chuma yenye ndege juu yake. Alizishonea ndani ya mkanda wa kitambaa na kuuvaa tumboni chini ya kaniki. Kila msichana wa ukoo alipoolewa, rupia moja ilikatwa kutoka mkanda ule, akafungiwa katika upindo wa nguo yake. Na kila mposaji naye alitakiwa kuleta fedha, hata ikiwa moja, kama kishika uchumba, mbali na ng'ombe. Rupia zilikuwa hazinunui tena chumvi wala kitambaa. Thamani yake ilikuwa kwamba haziozi wala hazina kutu, na mtu aliyetoa fedha ya kweli alihesabiwa kuwa na ulimi wa kweli.

Ndiyo maana zilipimwa. Siku zile walipita mafundi wa kuzunguka waliojua kuyeyusha risasi na bati, wakamimina katika udongo, wakatoa rupia ambazo mtu wa kofia ya chuma alionekana kama ana mafua. Bibi hakuwa na mizani wala dawa ya dukani. Kwanza aliiweka rupia juu ya ncha ya kidole na kuigonga kwa ukucha, sikio likiwa karibu. Ya kweli ililia kwa muda mrefu, sauti nyembamba kama kengele ya kanisa iliyo ng'ambo ya kilima. Ya risasi, alisema, hukohoa. Kisha ilifuata kazi tuliyoingoja sisi watoto. Tulitumwa kwenye hori la ng'ombe kuleta tabaka la barafu lililoganda juu ya maji, tukilipokezana mbio huku vidole vikifa ganzi, na yule aliyelivunja njiani alijua atakalopata. Bibi aliitoa rupia mkandani, akaishika ukingo mmoja kwa vidole viwili, akagusisha ukingo wa pili kwenye barafu. Fedha ya kweli iliila barafu mbele ya macho yetu, ikazama kama kisu kwenye samli, na baridi ikampanda Bibi vidoleni upesi hata akacheka. Risasi hukaa tu. Siku zisizo na barafu ya hori alitumia sakitu yenyewe, juu ya jani la kabichi.

Na sisi tulifanya mchezo wa mambo hayo. Tulichukua vifuniko vya chupa, vifungo vya makoti ya askari, kijiko cha mama, kila kitu tukakipima kwenye sakitu, mmoja wetu akiwa Bibi na mwingine mposaji. Mposaji alikataliwa kila mara, maana hapo ndipo palipokuwa na kicheko.

Shangazi Twilumba, dada mdogo wa baba yangu, ndiye aliyetulea kwa mgongo wake. Alikuwa na sauti ya kuimba ambayo ilimpatia kiti cha mbele kanisani, na alijua kuchoma viazi vikabaki vyeupe ndani na vyeusi nje. Kijana aliyekuja kumposa aliitwa Lugano, mtu wa kutoka mbugani Usangu, aliyepita kwetu akiswaga ng'ombe wa kuuza. Sisi wa milimani tuliwaona watu wa mbugani kuwa waongo kwa sababu tu walikuwa na ng'ombe wengi kuliko sisi. Lakini Shangazi alimpenda, na Bibi alisema, "Aje. Kupima ni kwangu."

Walifika jioni, Lugano na mshenga wake, mzee mmoja mwenye kikohozi na adabu nyingi. Lugano hakuleta rupia. Alileta mkuo, kipande cha fedha kilichomiminwa, kirefu na kinene kama kidole gumba cha mwanamume. Alieleza kwamba babu yake alikuwa mpagazi wa Mjerumani, akalipwa rupia, naye akampelekea mhunzi wa kwao aziyeyushe ziwe kitu kimoja, kwa kuwa rupia mojamoja huibwa. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuona kitu cha namna hiyo. Na kwa kuwa desturi yetu ilikataza mali ya mposaji isiyokubaliwa kulala chini ya paa moja na binti, Bibi aliamuru mkuo uwekwe nje, juu ya kichanja cha vyombo, katika ungo. Rupia za waposaji wengine zilikuwa zimefika mchana, zikitoka kwenye mifuko na mapindo ya nguo. Mkuo huu ulikuwa wa kwanza kulala nje.

Asubuhi sakitu ilikuwa nzito kuliko nilivyowahi kuiona. Wanaume waliketi kwenye vigoda wakizunguka moto, mshenga akikohoa. Tulileta barafu ya hori bila kuivunja. Bibi akautwaa mkuo kutoka kichanjani. Wenyewe ulikuwa umeota sakitu, mweupe kama unga, na baridi yake iliuma hata Bibi akaushika kwa pindo la kaniki. Nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko mtu yeyote, nikiona vizuri. Akagusisha ncha kwenye barafu.

Haikutokea kitu.

Akangoja. Akageuza ncha ya pili. Barafu ililala chini ya mkuo ule bila hata kutoa jasho. Akaugonga kwenye jiwe la kusagia huku ameukamata kwa kiganja kizima na kitambaa juu yake, nao ukasema "tk", basi.

"Hii ni risasi," Bibi akasema.

Mshenga akainua mkono. "Mama, tukuombe. Labda kitu kinene hakilii kama rupia."

"Na barafu je? Nayo haijui kitu kinene?"

Lugano akasimama. Sauti yake haikupanda. "Bibi, hilo ni jasho la babu yangu. Amebeba mizigo ya Mjerumani mpaka bega likaota sugu."

"Basi alibebeshwa risasi," baba yangu akasema, na wanaume wote wakacheka, isipokuwa mshenga.

Ndipo Shangazi Twilumba akatoka jikoni, jambo ambalo msichana anayeposwa hakuruhusiwa kulifanya. Alikuwa na mwiko mkononi. Akasema, "Mama, jaribu tena jua likishatoka. Lugano hasemi uongo."

"Nimekwisha kupima," Bibi akasema. "Sirudii kupima kwa ajili ya machozi ya binti."

"Mara moja tu, mama."

Baba alimpiga kofi. Mwiko ukaanguka kwenye majivu. Hapakuwa na kilio. Shangazi aliuokota, akaupangusa, akarudi jikoni, na siku ile viazi viliungua ndani na nje.

Lugano akaufunga mkuo katika kitambaa, akautia mfukoni. Sisi watoto tuliwasindikiza mpaka njia kuu tukiimba neno moja, risasi, risasi. Hakugeuka. Baadaye tulisikia kwamba alikwenda Chunya machimboni, kisha hatukusikia lolote tena. Lakini jina lake lilibaki kwetu. Jembe lililopinda lilikuwa jembe la Lugano. Kuku asiyetaga, kuku wa Lugano. Hata watu waliozaliwa miaka mingi baadaye, ambao hawakujua kama Lugano alikuwa mtu au mto, waliita kitu chochote cha uongo kwa jina hilo. Shangazi aliolewa na mjane mmoja wa Nyololo ambaye rupia zake zililia vizuri kuliko alivyosema mwenyewe, maana alikuwa mtu wa kunyamaza. Alizaa naye, akamzika. Kila ulipotokea ugomvi ukweni, lilikuwapo neno moja la kumnyamazisha: kwamba bila mama yake angeolewa na mwizi.

Nami nilikua nikimsifu Bibi. Nilipohamia Ipogolo na kupata watoto, na watoto hao wakaniletea wajukuu, kisa hiki niliwapa kama fundisho. Niliwaambia kwamba wazee wetu walikuwa na jicho. Vijana mnahitaji simu, umeme na mtu wa kuwaelekeza, mkitoka hapo bado mnauziwa asali ya sukari guru. Bibi alihitaji barafu ya hori la ng'ombe.

Mwaka huu, baada ya kuvuna, nilikwenda Mbeya kumtembelea mjukuu wangu Neema, dada wa huyu anayeandika. Ana kibanda pale Mwanjelwa, anauza soda, maji, na barafu za vifuko ambazo watoto hunyonya hata wakati wa baridi, kwa sababu watoto wa leo hawana akili. Alikuwa ameletewa rupia na mchuuzi, akitaka kujua kama ni ya kweli kabla hajainunua, nami nilikwenda na rupia yangu, ya mwisho kutoka mkanda wa Bibi, ili tulinganishe. Hiyo niliiona ikila barafu kwa macho yangu utotoni. Jioni Neema alizifunga zote mbili katika mfuko wa plastiki na kuzificha chini kabisa ya friza, nyuma ya vifuko vya ukwaju. Alisema hakuna mwizi anayetafuta fedha kwenye ukwaju. Hilo nilimsifia.

Asubuhi nikamwambia akae atazame. Alikuwa na simu yake, amekwisha kuona watu wa nchi za mbali wakipima kwa sumaku, kwa mlio, na kwa barafu. Nikamwambia, "Weka hiyo. Haya ya barafu yalikuwa ya bibi yangu kabla hao hawajazaliwa." Nikatoa rupia frizani, yangu kwanza, nikaibandika juu ya donge la barafu mbele ya wateja wawili waliosimama na soda zao. Na nikatabasamu, Mungu anisamehe.

Rupia ya Bibi ililala juu ya barafu kama kokoto. Haikuzama. Haikutoa hata tone.

Mteja mmoja, kijana wa bodaboda, akasema, "Mzee, hiyo mmepigwa." Nilikuwa nikifikiri kwamba mkanda mzima ulikuwa wa bandia, na wasichana wote wa ukoo wetu waliolewa na bati.

Neema peke yake ndiye aliyekuwa mtulivu. "Babu, hiyo imetoka kwenye friza."

"Najua ilikotoka. Mimi ndiye niliyeitoa."

"Basi ina baridi sawa na barafu. Itaiyeyushaje? Haina joto la kutoa. Hebu ishike kwanza mkononi, turudie."

Niliishika kiganjani, nikafumba. Nilipoiweka tena, nikiwa nimeikamata ukingo kwa vidole viwili, barafu ilifunguka chini yake, maji yakachuruzika, na baridi ikanipanda vidoleni vile vile kama ilivyompanda Bibi. Ya mchuuzi tulipoipasha na kuiweka ilisuasua, Neema akamrudishia mwenyewe. Kijana wa bodaboda akasema, "Aisee, mzee, samahani," akalipa soda yake.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kreti. Neema alidhani nimefurahi sana. Aliniletea maji, akaniuliza kama presha imepanda. Lakini niliona kichanja. Niliona ungo juu yake, na mkuo mweupe kwa sakitu, na kitambaa cha kaniki kati ya vidole vya Bibi na madini yale. Nilikuwa nimesimama pale. Nimekisimulia kisa hicho maisha yangu yote, sehemu ya kichanja sikuiacha hata mara moja, kwa kuwa niliipenda ile desturi. Na hata mara moja sikuisikia.

Nataka nieleweke vizuri. Sisemi kwamba mkuo ule ulikuwa wa fedha. Hakuna awezaye kusema hivyo sasa. Nasema kwamba asubuhi ile hata fedha safi kuliko zote duniani ingelala juu ya barafu ile bila kuigusa, wala isingelia ikiwa imefumbatwa kwa kitambaa, na sisi tulisema tumejua. Tulimwita mtu mwizi kwa sababu mali yake ililala nje, na walioamuru ilale nje ni sisi.

Nilipokuwa narudi Ipogolo sikupitiliza. Nilishuka Nyololo, Neema akiwa nami kunishika mkono. Shangazi Twilumba yu hai. Amepinda mgongo na haoni vizuri, lakini anachambua maharage kwa vidole, na jiwe halimpiti. Tulimkuta juani, mbele ya nyumba ya mwanawe.

"Kamwene, shangazi."

"Kamwene, baba. Umekonda. Ipogolo hawapiki?"

Nilipiga magoti, jambo ambalo magoti yangu hayalipendi, nikamwambia yote. Nilimweleza kuhusu friza, rupia, kichanja, kitambaa. Nilijiandaa kwa kilio, au kwa hasira ambayo angekuwa na haki nayo. Yeye aliendelea kuchambua. Nilipomaliza, alitupa punje moja mbovu kwa kuku.

"Mimi sikuhitaji barafu," akasema.

Vidole vyake vikarudi kwenye maharage.

"Mama yangu amekufa akiamini kuwa ni risasi?"

"Ndiyo, shangazi. Na baba pia."

"Hao tuwaache." Akanigeuzia uso, akitafuta nilipo kwa sauti. "Na wewe? Umesimulia kisa hiki kwa watu wangapi, mtoto wa kaka yangu?"

Nimekisimulia kwenye misiba na kwenye arusi, kwenye mikusanyiko ya ukoo, ndani ya mabasi, kwa watu nisiowajua majina.

"Basi warudie," akasema. "Wote. Na watoto wao. Waambie alikuwa anaitwa Lugano, na hakupimwa." Kisha akamwambia Neema asogeze ungo wa maharage, na kwamba tusiondoke kabla ya kula.

Ndiyo maana haya yameandikwa. Watu wa Nyololo wa rika langu tuliobaki ni wachache, tumetawanyika Mbeya, Iringa na Dar es Salaam kwa watoto wetu, na siwezi kugonga kila mlango. Wewe uliyeimba nami kule njia kuu, unasoma au unasomewa, na unajijua. Ukimsikia mjukuu wako akiita kitu kibovu cha Lugano, mkataze, na umweleze kwa nini.

Nazipenda bado enzi zetu. Sakitu bado huanguka Nyololo, ingawa watoto wanaikanyaga kwa viatu na hawaisikii. Tulikuwa na heshima, hilo sitalibishia: mzee aliposema, shauri lilikwisha, na nyumba ililala kimya. Watoto wa leo hawalali kimya. Wanauliza, wanabisha, wanapima tena kile ambacho mtu mzima amekwisha kukipima, na mara nyingi natamani kuwazaba. Lakini Neema aliniambia mimi, babu yake, mbele ya wateja, kwamba turudie, na hakuna aliyemwinulia mkono. Nilimtazama pale Mwanjelwa, mikono yake ikinuka ukwaju, nikamwona msichana mwingine mwenye mwiko, aliyesema maneno yale yale asubuhi ya baridi, katika nyumba ambayo hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumjibu, "Haya, tujaribu."